Nani Kamchekesha Bubu?

Wiki nzima simu yangu haikupoa. Mmoja kaniandikia, "Wewe mtunzi una roho mbaya, umetuachaje mlangoni?" Mwingine, mama mtu mzima kabisa, kaniapiza. Haya, shusheni mori. Mlango naufungua sasa hivi.

Kwa aliyelala wiki iliyopita: tulimwacha Msumari, mchekeshaji mwenye ulimi mkali kuliko wote, kwenye korido ya ghala wanamopigia filamu yake ya kwanza. Mkono wake uko kwenye kitasa cha chumba cha mavazi. Ndani kuna mwanaume anacheka, na mwanaume huyo ni mumewe.

"Mwanaume kucheka kuna ajabu gani?" Nawasikia. Ajabu ipo! Mume mwenyewe ndiye Bubu, yule mnayemwona amesimama kando ya mkewe kama nguzo ya umeme, anasemwa saa nzima, hatingishiki, hatabasamu. Ndiyo kazi yake. Msumari anachoma, Bubu anachomwa, watu hawana mbavu. Wameifanya hiyo miaka kumi na minane: kumi na miwili kwenye majukwaa ya kumbi na mabaa, sita kwenye televisheni kila Ijumaa. Na katika miaka yote hiyo, si jukwaani, si sebuleni, si kitandani, Msumari hakumbuki kusikia kicheko cha mumewe.

Amewachekesha wafiwa. Amemchekesha hakimu mpaka kesi ikaahirishwa. Mume wake mwenyewe kamshinda.

Halafu leo, saa tatu asubuhi, anakisikia kupitia mlango wa mbao wa chumba alimoingia mumewe kupimwa: kicheko kinene, cha kujiachia, cha mtu aliyeshika tumbo. Na katikati yake, sauti ya mwanamke.

Msumari hakubisha hodi. Akaingia.

Bubu alikuwa amesimama juu ya stuli, fulana juu, chini suruali ambayo mguu mmoja ulikuwa mrefu na mwingine mfupi. Miguuni pake amepiga magoti fundi wa mavazi, futi ya kupimia shingoni, pini nne midomoni. Kicheko kikakatika hapo hapo.

"Endeleeni," alisema Msumari. "Msikatishe starehe kwa ajili yangu."

Fundi akatemea pini kiganjani. "Karibu, dada. Tunamalizia pindo la shemeji."

"Shemeji! Shemeji wa wapi? Mimi na wewe tumezaliwa tumbo lipi?"

"Jamani, dada..."

"Na suruali ya mwanaume hupimwa kiunoni na miguuni. Huko ulikokuwa unaelekea wewe wanapima madaktari."

Siku nyingine Bubu angesimama tu, na ukumbi ungepasuka. Leo hapakuwa na ukumbi. Fundi aliinamisha kichwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, sweta limetoboka kiwikoni, wala hakuwa mrembo wa kumtisha mtu. Hilo ndilo lililomuuma Msumari zaidi. Angekuwa mrembo, angejua pa kuanzia.

"Umemwambia nini?" aliuliza.

"Nani, mimi?"

"Hapana, cherehani! Umemwambia nini mume wangu mpaka akacheka?"

Fundi akamtazama Bubu. Bubu akatazama dari.

"Mambo ya kazi tu, dada. Hata hayachekeshi ukiyasikia."

"Niambie basi, nisicheke."

"Siwezi. Mwongozaji ametukataza kuongea na waigizaji habari za... Dada, nihurumie, nitafukuzwa."

Msomaji wangu, nikuambie ukweli ambao Msumari asingemwambia hata dada yake wa kuzaliwa. Afadhali angewakuta wanabusiana! Busu angejua la kulifanya. Busu lingempa vichekesho vya miezi sita. Lakini kicheko? Kicheko ndicho alichokitafuta kwa mtu huyu usiku na mchana, akabadilisha sauti, akabadilisha nguo, akajifanya kuanguka bafuni, akakikosa. Leo mwanamke mwenye pini mdomoni kakipata bure, asubuhi asubuhi, hata hajavua viatu. Wivu ulimpanda.

Basi akaufungulia ulimi. Yote aliyomwambia fundi siyaandiki, mhariri wangu ana watoto. Yatosha kuwa alianza na sweta, akapita kwenye ndoa ya fundi iliyovunjika, akamalizia na urefu wake. Fundi alikusanya pini zake, akabeba kikapu cha vitambaa, akatoka analia bila sauti.

Bubu akashuka kwenye stuli. "Umemwonea," alisema.

"Ahaa! Bubu kapata sauti! Miaka yote nakuuliza chumvi imekolea unanijibu kwa kichwa, leo unamtetea fundi!"

"Mama Watoto, tunachelewa."

"Alikuambia nini, Baba Watoto?"

Bubu alifunga mkanda taratibu, tundu kwa tundu, akapita pembeni yake, akaenda zake. Msumari alibaki anatazamana na stuli.

Alipotoka koridoni akakutana uso kwa uso na mwongozaji wa filamu, mtu mpole, taulo dogo shingoni, sauti ya kumbembeleza mgonjwa.

"Mama, nilikuwa nakutafuta. Ni habari ya ile ya meza."

Ile ya meza ndiyo filamu yenyewe: mume aliyepotea siku tatu anarudi nyumbani, mke anampokea kwa maneno jikoni. Jana walirudia mara saba. Mara zote saba ilikuwa baridi, na Msumari mwenyewe alijua.

"Jana nilikuwa na mafua," alisema.

"Sawa, mama. Lakini saa sita mchana seremala anavunja lile jiko, panajengwa wodi ya hospitali. Na bwana mwenye filamu ameitazama kazi ya jana." Mwongozaji alijifuta jasho ambalo halikuwepo. "Anasema, ile ya meza isipokaa sawa leo, tunabadilisha hadithi. Mke atakuwa amekufa kabla filamu haijaanza."

"Amekufa?"

"Atakuwa picha ukutani. Mume atakuwa anaitazama."

"Kwa hiyo filamu inabaki ya nani?"

Mwongozaji alilivuta taulo lake shingoni. Kulikuwa na haja gani ya kuuliza? Tangu siku ya kwanza watu wa kamera walikuwa wanamzunguka Bubu na kunong'onezana: uso gani huu, angalia macho, angalia anavyosikiliza. Uso ambao Msumari ameusimamisha jukwaani miaka kumi na minane apate pa kutundikia maneno yake!

"Leo itakaa," alisema. "Na ukitaka picha ya ukutani, tundika ya mama yako."

Alikwenda jikoni. Jiko lenyewe ni la mbao nyembamba, halina dari, bomba halitoi maji, na dirisha linaangalia pazia la buluu. Katikati kuna meza, viti viwili, sahani iliyofunikwa. Seremala alikuwa ameshakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nyundo mapajani, anangoja saa sita yake.

Sasa, hapa kuna jambo mnapaswa kulijua, maana ndilo lililokuwa linamuua Msumari taratibu. Mchekeshaji wa jukwaani haongei mfululizo. Anachoma, ananyamaza, anahesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, watu wanacheka, kicheko kikianza kushuka ndipo anachoma tena. Hata kwenye televisheni walimwekea watu studioni, viti mia moja. Hajawahi kusema kichekesho bila mtu kumjibu.

Na jana alisema, "Nguo zako nimeshagawa kwa majirani. Viatu vimebaki. Hata maskini wana macho." Akahesabu moja, mbili, tatu. Kimya. Watu thelathini wamesimama gizani nyuma ya taa, hakuna hata mmoja aliyekohoa. Akapandisha sauti. Kimya. Akapiga meza. Kimya. Kufika mara ya saba alikuwa anapayuka kama mnadi wa mitumba, na ndani ya nafsi anajiambia: wamepangwa. Bubu kawapanga.

Leo ndiyo akapata ushahidi. Alipokuwa anavuta kiti, alimwona fundi wa mavazi, macho mekundu, anapita nyuma ya taa na kikapu chake. Anampa kila mmoja kipande cha kitambaa. Mtu wa sauti, jitu la miraba minne lenye hedifoni masikioni, akapokea chake, akakikunja, akakitia mdomoni. Mtu wa taa naye. Mwenye kamera naye!

"Kuna nini?" Msumari aliruka. "Nanuka? Mnaziba midomo msinitapikie?"

Wangejibuje, na vitambaa midomoni?

Alimfuata mtu wa sauti, akakichomoa kitambaa kwa mkono wake. "Wewe mkubwa, sema! Nani kawatuma?"

Lile jitu likamtazama mwongozaji, aliyekuwa mbali anabishana na mtu wa taa, kisha likainama.

"Mama, tukicheka maikrofoni inanasa. Kipande kinaharibika. Mwongozaji kasema atakayecheka anarudi kwao."

"Mcheke nini? Jana mlikuwa kama mko msibani!"

"Jana?" Jitu lilishika kifua. "Mama, jana umetuua! Ile ya viatu nimeng'ata ulimi mpaka damu. Huyu wa kamera alikuwa analia, picha ikawa inatikisika. Fundi ndiye aliyetuonea huruma, akatukatia vitambaa tung'ate."

Msumari aliona jiko lote linazunguka.

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulidhani unajua, mama. Wewe si ndiye Msumari?"

Kumbe! Kumbe kile kimya kilikuwa watu thelathini wanapigana na vicheko vyao! Na yeye anawasubiri, anahesabu moja, mbili, tatu, anatoboa mashimo katikati ya maneno yake. Si kwamba hachekeshi. Alikuwa anangoja kitu ambacho huku hakiji.

Akageuka kwa fundi. Ulimi wake ukawa mzito, jambo lisilo la kawaida.

"Ndicho ulichokuwa unamweleza mume wangu?"

"Ndicho, dada. Namna huyu mkubwa alivyogaagaa sakafuni. Halafu nikamwigizia ile ya viatu, vile ulivyoisema."

"Uliisema vizuri?"

"Vibaya. Nilisahau hata mwisho wake."

"Na akacheka?"

"Akacheka, dada."

Mngedhani angefurahi. Alifurahi, dakika nzima, maana kichekesho ni chake! Kisha wivu ukarudi kwa mlango wa nyuma, mbaya kuliko ule wa kwanza. Maneno yake mwenyewe, yaliyosahaulika mwisho, kutoka kwenye mdomo wa mtu mwingine, yamemchekesha Bubu. Kwa hiyo hakuna ubaya kwenye maneno. Ubaya uko kwenye mdomo unaoyasema.

Alitaka kumwomba fundi msamaha. Nawaapia alitaka, neno lilikuwa limeshafika menoni. Lakini mwongozaji akapiga makofi. "Tayari! Kila mtu mahali pake! Mama, leo tunaanza na upande wa..."

Upande wa nani? Msumari hakusikia. Alikuwa anamtazama Bubu anayeingia na suruali yake mpya, pindo limekaa sawasawa, anavuta kiti, anakaa mbele yake na uso ule ule.

"Anza!"

Na akaanza. Safari hii hakungoja mtu. Maneno yalitoka moja likimkanyaga mwenzake kisigino.

"Umerudi? Mimi nilishawaambia watoto baba yenu kafa, wakalia wakamaliza, sasa nani atawaambia wamelia bure? Nguo zako nimeshagawa kwa majirani, viatu vimebaki, hata maskini wana macho. Kaa! Usikae! Hicho kiti nilishakizoea kitupu, kitupu hakikoromi!"

Gizani mtu alitoa sauti ya kukabwa. Mtu wa sauti alikuwa amepiga magoti, mshipa wa shingo umemsimama. Msumari alimwona kwa pembe ya jicho na damu ikamchangamka, kama zamani, kama siku za viti vya plastiki na spika zinazopiga mluzi. Mbele yake kulikuwa na kile kitu cheusi chenye jicho la kioo. Akakipa uso wake wote.

Kisha akayamaliza maneno ya kwenye karatasi, na hakunyamaza.

"Nikuulize kitu," alimwambia Bubu, na sauti ilikuwa imeshuka. "Kuna mtu amekuchekesha. Nimesikia mwenyewe. Mimi miaka kumi na minane nakuchekesha, mchana na usiku, jukwaani, mpaka nyumbani nikipika nakuchekesha. Hujawahi. Hata mara moja. Nilikukosea nini?"

Mwongozaji alinyanyua mkono kusimamisha, akaushusha.

Bubu alimtazama mkewe. Miaka yote hii hajawahi kutamka neno mbele ya watu, hata jina lake.

"Ulinikataza," alisema.

Kitambaa kikamdondoka mtu mmoja gizani.

"Mimi? Lini?"

"Onyesho letu la tatu. Ulisema ile ya mama yako alivyoniuliza, 'Mwenyewe anayeposa yuko wapi?' na mimi ndiye mwenyewe, nikashindwa, nikacheka. Tukatoka nyuma ya pazia. Ukanishika shati hapa." Alijigusa kifuani. "Ukasema, ukicheka tena mbele yangu, katafute mke mwingine."

"Nilikuwa nakuambia habari za jukwaani!"

"Hukusema jukwaani. Ulisema mbele yako." Akameza mate. "Mimi sikutaka mke mwingine."

Jamani! Nimeandika hadithi magazetini miaka mingi, na hapa kalamu yangu ilisimama. Mtu huyu amekuwa akivibeba vicheko vyake kwenda kuvimwagia chooni, uani, kwa mafundi, ili asipoteze mke! Na mkewe amekuwa akikesha anatunga vipya, anajiuliza kasoro yake nini! Msumari alifungua mdomo, machozi yakatangulia. Alilia na kucheka kwa pamoja, mikono imekamata ukingo wa meza, na aliujua moyoni mwake ule uzito anaoupata mchekeshaji mara moja au mbili katika maisha: kwamba hii ndiyo.

"Kata," alisema mwongozaji, kwa sauti ya mtu anayeamka.

Ghala lililipuka. Walipiga makofi, wakapiga mabati, mtu wa sauti alimkumbatia seremala. Mwongozaji alikuja anakimbia, taulo limedondoka, akamwinamia... Bubu. Wote walimwendea Bubu. Wakamshika mabega, wakamshika mikono, wakamwambia uso huo, kaka, uso huo!

Msumari alijifuta machozi, akangoja zamu yake. Akangoja sana.

"Na mimi?" aliuliza mwishowe. "Machozi yangu yametoka vizuri?"

Mwongozaji aligeuka. Alikuwa bado anatabasamu, kisha tabasamu likamfia.

"Machozi gani, mama?"

"Haya! Si nimelia hapa kwenye kamera?" Alionyesha kile kitu cheusi chenye jicho la kioo.

Mtu wa taa alijikuna kichwa. "Mama, hiyo ni taa," alisema. "Haijawashwa tu."

Kwenye televisheni kamera zilikuwa tatu. Ukiona moja mgongoni kwako, ujue nyingine iko usoni. Huku kamera ni moja, inatazama upande mmoja, na asubuhi yote ilikuwa nyuma ya bega la Msumari, inamtazama Bubu. Mwongozaji alishasema, "Leo tunaanza na upande wa baba." Msumari alikuwa anatazama pindo la suruali.

Kazi kubwa kuliko zote za maisha yake ameifanyia taa iliyozimwa. Filamu imepata uso wa Bubu na kisogo cha Msumari.

Mwongozaji alitazama saa. Saa sita kasoro dakika ishirini. Seremala alisimama kwenye ndoo yake, akanyoosha mgongo.

"Geuzeni kamera!" mwongozaji alipiga kelele. "Haraka! Mama, kaa hapo hapo. Rudia vile vile. Ukinipa hata nusu yake, mke hafi. Baba, wewe simama kando ya kamera umpe maneno yako."

Wakageuza. Kamera halisi ikaja mbele yake, na safari hii Msumari aliigusa kwa kidole kuhakikisha. Bubu akasimama kando yake.

"Anza!"

"Nilikukosea nini?" alisema Msumari, na akajisikia mwenyewe. Lilikuwa neno la juzi lililopashwa moto.

"Ulinikataza," alijibu Bubu.

Alijua jibu. Uso wake ulikuwa umeshalijua kabla halijasemwa. Alikunja midomo kutafuta machozi, yakagoma.

"Kata. Tena."

Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Mwongozaji aliinamisha kichwa. Nyuma ya taa vile vitambaa vilikuwa mikononi, hakuna aliyevihitaji. Bubu, kando ya kamera, hakuwa anaigiza wala nini. Alikuwa anamtazama mkewe anavyozama. Saa sita kasoro dakika nne.

"Mara ya mwisho, mama," alisema mwongozaji. "Anza."

"Kuna mtu amekuchekesha," alianza Msumari, na sauti haikuwa na kitu ndani. "Nimesikia mwenyewe. Nilikukosea nini?"

Bubu hakujibu.

"Nilikukosea nini?" alirudia.

"Nimesaini filamu nyingine," alisema Bubu.

Hayo hayakuwa maneno yake. Msumari alipepesa macho.

"Filamu gani?"

"Alhamisi. Ulipokwenda kuwatazama watoto. Tunaanza mwezi ujao."

"Mbona hukuniambia?" Akajiweka sawa kitini, tayari ameanza kufikiri, tayari uso umewaka. "Tunacheza nini safari hii? Mke na mume tena? Maneno ananiandikia nani?"

"Wewe humo, hapana."

Macho ya Msumari yalimruka mumewe, yakaenda gizani, yakamtafuta fundi na sweta lake lililotoboka, yakamkuta amesimama na kikapu, mdomo wazi kama wengine wote. Yakarudi kwa Bubu.

"Na nani?" aliuliza, polepole. "Unacheza na nani?"

"Peke yangu."

Na ule ulimi uliowakimbiza waheshimiwa ukumbini ulilala chini ya meno yake, haukuinuka. Uso wake ukafunguka wote, mbele ya kamera, bila neno, bila kuhesabu moja, bila kuhesabu mbili.

Mwongozaji hakusema kata. Alimwashiria mwenye kamera kwa vidole viwili: sogea, sogea karibu. Msumari aliziona zile ishara. Aliielewa maana yake kabisa. Uso wanaoutaka ni huu, na ukitoka pale kitini hakuna mwingine, saa sita ndiyo hiyo.

Hakujua kama mumewe amemwokoa au amemwacha, na katika macho yale yasiyosema kitu hapakuwa na pa kusoma.

"Kaa," midomo ya mwongozaji ilisema, bila sauti.

Msumari alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake, naye akaizunguka meza, mkono wa kulia umenyanyuka, akamwendea mumewe. Na mwenye kamera, bila kuambiwa na mtu, akaigeuza kamera, akamfuata.